Mashine Ikikosa, Asiadhibiwe Mtoto

Wavuvi wa Kazimia wana desturi moja ambayo hata wasomi yawapasa kujifunza: chombo hakitengenezwi katikati ya ziwa. Mtumbwi ukianza kuvuja huvutwa ufukoni, ukapinduliwa, tundu likatafutwa na kuzibwa. Kisha hujaribiwa karibu na nchi kavu kabla ya kupakiwa watu na nyavu. Leo twataka kuonyesha kwamba desturi hii ya Ziwa Tanganyika yafaa pia kwa chombo kingine, yaani mfumo wa masomo wa kompyuta.

Mfumo huo ni kama shule iliyojengwa ndani ya mashine. Mwalimu huweka humo masomo na maswali, mwanafunzi hupeleka majibu, na alama huandikwa humo. Mfumo mmoja ulio mashuhuri sana waitwa Moodle. Aliyeuanzisha ni Martin Dougiamas wa Australia, ambaye utotoni aliishi jangwani, mbali kabisa na shule, akafundishwa kwa radio. Toleo la kwanza alilitoa mwezi wa Agosti 2002. Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, kinautumia kwa jina la MUELE. Nasi hatuwezi kusema kwamba jambo hili halituhusu. Mwezi wa Machi 2020, shule za Kongo zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kila mzazi aliona maana ya somo linaloweza kumfikia mtoto nyumbani. Tena programu hii haihitaji intaneti siku zote. Yaweza kuwekwa katika kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, inayotoshea kiganjani, na wanafunzi wakaifikia kwa simu zao darasani.

Lakini kila chombo kina siku yake ya kuvuja. Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa Kazimia amefanya kazi yake ya hesabu kwa bidii. Asubuhi mwalimu atazama, haioni, naye aandika sifuri.

“Mwalimu, niliituma jana usiku.”

“Mwanangu, mashine haisemi uongo.”

Neno hilo la mwalimu ndilo twataka kulipinga. Mashine haisemi uongo kwa kusudi, lakini yaweza kukosea, na mara nyingi kosa lenyewe ni dogo. Tazameni makosa matatu.

La kwanza ni saa. Wasafiri wa ziwa letu wajua kwamba saa ya Kigoma imeitangulia saa ya Kazimia kwa saa moja. Basi mfumo ukipangwa kwa saa ya Dar es Salaam, na mwalimu akaandika kwamba mwisho ni saa sita usiku, mlango utafungwa Kazimia ikiwa saa tano tu. Mtoto anayetuma saa tano na nusu ataitwa mchelewaji, naye hakuchelewa. Zaidi ya hayo, zile Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5 hazina saa yenye betri yake. Umeme ukikatika, saa husimama. Ukirudi, mashine huendelea pale ilipoachia, mpaka irekebishwe. Kwa hiyo kazi ya leo yaweza kuandikwa tarehe ya jana.

La pili ni ukubwa wa mzigo. Wanafunzi wengi hupiga picha ya daftari kwa simu na kuituma. Moodle imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, na kipimo cha kawaida cha PHP, kisipobadilishwa, ni megabaiti 2 kwa faili moja, na megabaiti 8 kwa mzigo wote. Picha za simu za siku hizi mara nyingi huzidi megabaiti 2. Mlango umekuwa mwembamba kuliko mzigo! Dawa yake ni mtunza mashine kuvipanua vipimo hivyo viwili, au mwanafunzi kuipunguza picha.

La tatu ni ghala kujaa. Diski isipokuwa na nafasi, kazi mpya haipokelewi, na hata hifadhidata yenyewe, ambayo ndiyo daftari kuu la alama, yaweza kuharibika.

Basi afanyeje mtunza mashine apatapo malalamiko? Asiguse kitu kabla ya kuuliza. Je, ni mtoto mmoja aliyepatwa, au darasa zima? Tangu lini? Nini kilibadilishwa siku ile? Kisha asome kumbukumbu za mfumo, kwani humo huandikwa nani aliingia, saa ngapi, na alifanya nini. Halafu abadilishe jambo moja tu, ajaribu, na kuandika alilolifanya. Abadilishaye mambo matano kwa pamoja hatajua lipi limeponya wala lipi limeharibu.

Sasa tuseme juu ya kuhamia toleo jipya. Kazi hiyo ni ya lazima, kwa maana toleo la zamani hufikia siku ambapo halizibwi tena matundu yake, na wezi wa mitandao huyajua. Lakini majirani zetu wa Baraka wasituudhikie tukisema kwamba haraka haraka haina baraka. Hapana budi kwanza kutoa nakala ya vitu vitatu: programu yenyewe, hifadhidata, na folda iitwayo moodledata yenye kazi za wanafunzi. Nakala hizo zitunzwe nje ya mashine ile ile; kwani mtumbwi ukizama, akiba iliyomo huzama nao.

Pili, toleo jipya lijaribiwe kwanza juu ya nakala. Tatu, zifuatwe bandari kwa utaratibu. Toleo la 4.5, lililotolewa Oktoba 2024, lataka PHP 8.1 au zaidi, tena halipokei mfumo ulio chini ya toleo la 4.1.2. Aliye na toleo la 3.9 hana budi kutia nanga kwanza katika 4.1, iliyo mpya ya kutosha, ndipo aendelee. Kama atokaye Kalemie kwenda Uvira akipumzika Kazimia. Nne, kazi ifanywe wakati wa likizo, mlango ukiwa umefungwa na watu wameambiwa. Isifanywe kamwe juma la mitihani. Mwisho, mtunza mashine aingie kama mwanafunzi, atume kazi ya kujaribu, aone kama yafika.

Ninyi wazazi, msione kwamba mambo haya ni ya mafundi peke yao. Mnayo haki ya kuuliza shuleni: nakala ya alama za watoto wetu yatunzwa wapi, na ilijaribiwa lini? Ninyi wanafunzi, hifadhini daftari lenu hata baada ya kutuma picha yake. Nanyi walimu, kabla ya kuandika sifuri, itazameni kwanza saa ya mashine. Alama ikikosewa yaweza kusahihishwa kwa dakika moja, lakini mtoto aliyeitwa mwongo mbele ya wenzake, naye alisema kweli, hukaa na jeraha hilo miaka mingi.