Damu Chooni Baada ya Tiba ya Mionzi

Mwanamke wa Unguja mwenye saratani ya mlango wa kizazi, akihitaji mionzi, kwa kawaida huvuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tiba ikiisha hurejea nyumbani. Akiona damu chooni mwaka mmoja baadaye, atakayemwendea ni mhudumu wa kituo cha jirani au daktari wa Mnazi Mmoja, wala si yule aliyempa mionzi. Damu hiyo ni rahisi kudhaniwa bawasiri au amiba.

Puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, iko nyuma ya mlango wa kizazi, hivyo haiepuki mionzi kabisa. Wakati wa tiba, seli za utando wa utumbo hufa na mgonjwa huharisha. Hali hii aghalabu hutulia ndani ya miezi 3. Madhara ya baadaye ni jambo jingine, na kiini chake kimo katika mishipa ya damu. Seli zilizotanda ndani ya vimishipa hujeruhiwa, kuta zake hunenepa, na njia ya damu husongeka kidogo kidogo kwa miezi, pengine miaka. Utumbo hukosa oksijeni, nyama laini hugeuka kovu. Kisha juu ya utando hutokea vimishipa vilivyotanuka na dhaifu, ambavyo hupasuka choo kinapopita. Mwenye kisukari yumo hatarini zaidi, kwa kuwa mishipa yake huenda ilikwisha kudhurika kabla.

Kwa hiyo swali la kwanza ni fupi: “Bibi, umewahi kupigwa mionzi, na lini?” Kisha ipimwe damu, na puru itazamwe kwa kamera, kwani saratani iliyorudi nayo huweza kutoa damu. Hapa pana tahadhari ambayo hairudiwi vya kutosha: ukuta wa mbele wa puru usikatwe kinyama bila sababu nzito. Nyama iliyopungukiwa damu haiponi upesi, na kidonda chaweza kutoboka hadi ukeni, ikawa fistula.

Damu ikiwa kidogo, kulainisha choo huweza kutosha, na wengine hupata nafuu wenyewe. Ikizidi, ipo sukralfeti inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, au kuchoma vimishipa kwa gesi ya agoni. Mgonjwa naye asitumie aspirini bila ushauri, na karatasi za tiba yake ya mionzi azihifadhi, aje nazo kila anapokwenda hospitali.