Kadi ya Babu Iko Berlin

Siku za mwisho za vita mwaka 1945, malori yalishusha shehena ya kadi kwenye kiwanda cha karatasi pembezoni mwa Munich. Zilikuwa kadi za wanachama wa chama cha Nazi, na amri ilikuwa zisagwe kabla Wamarekani hawajafika. Meneja wa kiwanda, Hanns Huber, hakuzisaga. Leo mamilioni ya kadi hizo yamehifadhiwa Berlin, katika hifadhi ya nyaraka za taifa: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya uanachama, siku ya kujiunga. Mjukuu anaweza kuandika barua akauliza habari za babu yake.

Kuuliza ndiko kugumu. Mwaka 2002 Harald Welzer na wenzake walichapisha utafiti uliotokana na mazungumzo na familia 40 za Kijerumani, vizazi vitatu. Walichokikuta kinaumiza. Wajukuu walifundishwa shuleni unyama wa Auschwitz na wakaulaani kwa dhati, lakini kila simulizi ya nyumbani iliporithishwa, babu alizidi kutakata, hadi wengine wakageuka mashujaa waliowaficha Wayahudi. Taifa limekiri kosa. Mkosaji haonekani katika ukoo wowote.

Niklas Frank alikataa usafi wa namna hiyo. Baba yake, Hans Frank, aliitawala sehemu kubwa ya Poland iliyotekwa, kwa niaba ya Hitler, akanyongwa Nuremberg Oktoba 1946, Niklas akiwa na miaka 7. Amezeeka akitembea na picha ya maiti ya baba yake, ajihakikishie kwamba kweli amekufa. Sisi tuliolelewa kwamba marehemu hasemwi vibaya tutashtuka. Lakini mimi namheshimu. Damu iliyomwagwa na baba yake hawezi kuilipa, ila amegoma kuongopa ili kumsafisha.

Jambo hili linatugusa hata sisi. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea kwa ukatili wa Wajerumani katika Vita vya Majimaji, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906. Ukoo huo bado unalitafuta fuvu lake. Radhi ile ilikuwa ya haki, tena ilichelewa mno. Ila waliochoma mashamba na maghala mpaka watu wakafa kwa njaa hawakuwa Wajerumani peke yao. Askari wao wengi walikuwa Waafrika, nao wameacha wajukuu. Sijawahi kusikia hata familia moja ikilisema hilo hadharani.