Mbwa Anayebweka Kutwa Kucha: Tufanyeje?

Mbwa ni mlinzi. Tunamfuga ili abweke. Mwizi akija usiku, mbwa hubweka. Fisi akinyemelea zizi la mbuzi, mbwa hubweka. Hapo tunaamka, tunachukua tochi na kutoka nje. Kazi hiyo ni nzuri, wala hatutaki aiache.

Lakini wako mbwa wanaobweka kutwa kucha. Wanabwekea bodaboda, watoto wa shule, kuku, hata majani yanayopeperushwa na upepo. Mbwa wa namna hii huleta hasara tatu.

Kwanza, wenye nyumba humzoea. Husema, "Mwache, ndiyo tabia yake." Siku mwizi anapokuja kweli, hakuna anayeamka. Basi mbwa anayebwekea kila kitu, hakuna anacholinda.

Pili, majirani hawalali. Mgonjwa hapumziki, na mtoto mchanga anashtuka. Ugomvi unaanza.

Tatu, mtu mwenye hasira anaweza kutega sumu. Na sumu haichagui. Imetegwa kwa ajili ya mbwa, lakini kuku ataidonoa, na mtoto mdogo anaweza kuiokota. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

KUBWEKA NI KUSEMA

Mbwa hana maneno. Kubweka ndiyo lugha yake. Anaweza kuwa anasema, "Naona mtu." Anaweza kuwa anasema, "Naogopa," au "Nina kiu," au "Nimechoka kukaa peke yangu."

Tukumbuke pia kwamba masikio yake si kama yetu. Mbwa husikia sauti nyembamba sana ambazo binadamu hazisikii. Panya hutoa sauti za namna hiyo. Sisi tunasema mbwa anabweka bure, kumbe yeye amesikia kitu.

Tena mbwa wote hawabweki sawa. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wa kuwinda wanaoitwa basenji. Hao hubweka kwa nadra sana. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua wako wapi porini. Mbwa wetu wengi si wa aina hiyo. Hatuwezi kumfanya mbwa awe bubu. Tunaweza kumfundisha abweke penye sababu, kisha anyamaze.

TAFUTA SABABU KWANZA

Mganga hatoi dawa kabla ya kujua ugonjwa. Nasi tufanye vivyo hivyo. Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Kwa siku 3 andika mambo mawili: mbwa amebweka saa ngapi, na kulikuwa na nini. Kwa mfano:

Saa 1 asubuhi: watoto wa shule wanapita.
Saa 7 mchana: jua kali, chombo cha maji kimekauka.
Saa 4 usiku: mbwa wa jirani anabweka.

Baada ya siku 3, soma ulichoandika. Sababu itajionyesha yenyewe. Mara nyingi huwa ni mojawapo ya hizi:

1. Amefungwa kutwa nzima. Mbwa aliyefungwa kamba fupi hana la kufanya ila kubweka. Mfungue asubuhi na jioni, utembee naye kwenda shamba au kisimani. Kama ni lazima afungwe, funga waya imara kati ya miti miwili. Tia pete kwenye waya, kisha funga kamba yake kwenye pete hiyo. Hapo anaweza kwenda na kurudi.

2. Ana njaa, kiu au joto. Mpe chakula kwa saa zile zile kila siku. Mwekee maji safi na kivuli. Akila jioni na kushiba, usiku hutulia zaidi.

3. Anaona njia. Mtu akipita, mbwa hubweka. Mtu anaendelea na safari yake. Lakini mbwa anadhani, "Nimemfukuza!" Kila siku anajiona ameshinda, basi kesho anabweka zaidi. Mhamishie nyuma ya nyumba, au ziba upande wa njia kwa makuti au ua wa miti.

4. Ana maumivu. Mtazame ngozi, masikio na miguu. Viroboto, kupe na vidonda humnyima usingizi. Mwone ofisa mifugo akupe dawa.

5. Kuna jike lililo kwenye joto. Madume hukusanyika, hupigana na kubweka usiku kucha. Lifungie jike ndani kwa siku hizo. Kama hutaki watoto wa mbwa, mwulize ofisa mifugo habari za kuhasi.

6. Sisi wenyewe tumemfundisha. Hii ndiyo sababu tunayoisahau. Mbwa anabweka mlangoni pa jiko. Mama anamtupia tonge ili anyamaze. Siku hiyo ananyamaza. Lakini amejifunza kwamba kubweka huleta ugali! Kesho atabweka tena. Kwa hiyo usimpe kitu wakati anabweka. Ngoja anyamaze kwanza. Siku za mwanzo atabweka zaidi kuliko zamani, maana anashangaa kwa nini ugali hauji. Usikate tamaa. Ukimpa siku moja tu, umeharibu kazi yote.

MAMBO YASIYOFAA

Usimpigie kelele. Ukipaza sauti, mbwa huona kwamba na wewe unabweka. Anasema, "Kumbe tuko wawili!" Anaongeza bidii.

Usimpige. Kipigo huzidisha woga, na woga huzidisha kubweka. Tena mbwa anayepigwa kila akinguruma, mwisho huacha kunguruma. Watu hufurahi. Lakini sasa ameacha kutoa onyo tu. Hasira yake bado ipo. Siku moja atauma bila kunguruma.

Usimfunge mdomo kwa kamba. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema akiwa ametoa ulimi. Ukimfunga mdomo wakati wa jua, anaweza kufa. Katika Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

JINSI YA KUMFUNDISHA

Wazee walisema, mkono mtupu haulambwi. Andaa vipande vidogo vya kitu anachokipenda, kama dagaa au ugali uliochovywa kwenye mchuzi. Kisha fuata hatua hizi:

Hatua ya 1. Chagua neno moja, kwa mfano "Basi". Watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo. Baba akisema "Basi", mama "Kimya", na watoto "Nyamaza", mbwa atachanganyikiwa.

Hatua ya 2. Akibweka, nenda karibu naye. Sema "Basi" mara moja, kwa sauti ya chini.

Hatua ya 3. Msogezee dagaa karibu na pua, lakini usimpe. Atanyamaza ili anuse. Mbwa hawezi kunusa vizuri huku anabweka.

Hatua ya 4. Hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Kama bado yuko kimya, mpe na umsifu. Kama amebweka tena, ficha dagaa na uanze upya.

Hatua ya 5. Siku zinazofuata hesabu mpaka 5, kisha 10, kisha 20. Baadaye punguza dagaa, lakini usiache kumsifu.

Fanya hivyo kwa dakika chache, mara 2 au 3 kwa siku. Kazi hii huchukua majuma kadhaa. Mbwa mdogo hujifunza upesi, maana samaki mkunje angali mbichi. Lakini hata mbwa mzima hujifunza. Kama hupendi kumgusa mbwa, hakuna shida. Mafunzo haya yanahitaji sauti na chakula tu.

Mgeni akija je? Mwache mbwa abweke mara mbili au tatu. Hiyo ndiyo kazi yake. Kisha wewe toka nje, mtazame mgeni, useme "Basi". Mbwa akinyamaza, msifu. Polepole ataelewa kwamba akishatoa habari, mwenye nyumba ataishika kazi. Na wewe uwe mwaminifu. Akibweka usiku wa manane kwa namna usiyoizoea, amka ukatazame.

SAUTI IKIBADILIKA, JIHADHARI

Kama mbwa aliyekuwa mpole amekuwa mkali ghafla, au sauti yake imekuwa ya kukwaruza, au anatokwa na mate mengi na hawezi kumeza, hilo si jambo la mafunzo tena. Huenda ni kichaa cha mbwa. Usimkaribie. Waondoe watoto na umwarifu ofisa mifugo mara moja.

Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano za kinga. Asingoje. Dalili za ugonjwa zikishatokea, karibu kila mtu hufa. Kinga bora ni kumchanja mbwa. Anza akiwa na umri wa miezi 3, kisha mchanje kila mwaka.

ZUNGUMZA NA JIRANI

Kama mbwa wako anasumbua, mwendee jirani kabla hajakujia. Mwambie, "Jirani, najua mbwa wangu anakukosesha usingizi. Nimeanza kumfundisha. Naomba univumilie." Maneno hayo hupoza hasira nyingi.

Na kama mbwa ni wa jirani, usikimbilie sumu wala mawe. Mwendee mchana, mkiwa mmetulia. Mpelekee gazeti hili mlisome pamoja. Mkishindwa kuelewana, mwenyekiti wa kitongoji yupo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja hasara tatu za mbwa anayebweka bila mpango.
2. Kwa nini kumtupia mbwa ugali anapobweka huongeza kubweka?
3. Mbwa wangapi katika kitongoji chenu wamechanjwa mwaka huu? Ambao hawajachanjwa, mtafanya nini?
4. Kila mwenye mbwa aandike daftari kwa siku 3, kisha alisome mbele ya wenzake. Je, sababu zinafanana?