Upangaji wa Chapa katika Matini Zenye Mielekeo Miwili: Mfano wa Uhariri wa Tenzi za Hati ya Kiarabu

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayehariri utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu hulazimika kuweka katika ukurasa mmoja maandishi ya aina mbili: matini ya mswada, inayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na unukuzi pamoja na maelezo kwa hati ya Kirumi, vinavyosomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Makala haya yanafafanua jinsi kompyuta inavyopanga maandishi hayo, mahali ambapo mpangilio huharibika, na hatua ambazo mhariri anaweza kuzichukua.

Suala hili si la urembo wa ukurasa. Kosa la mwelekeo hugeuza mfuatano wa maneno bila kubadilisha herufi hata moja. Mtahini asiyesoma hati ya Kiarabu hawezi kuliona, na msomaji anayeisoma hati hiyo atadhani kwamba ndivyo mswada ulivyo. Miswada mingi, kama ile iliyomo katika mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao katalogi yake iliandaliwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970, haifikiwi kwa urahisi na kila mtafiti. Kwa hiyo, tasnifu yenye matini iliyohaririwa hugeuka kuwa chanzo cha watafiti wengine, na kosa lililomo hurithiwa pamoja nayo.

2.0 Mfuatano wa Kuhifadhi na Mfuatano wa Kuonyesha

Kompyuta huhifadhi herufi kwa mfuatano wa kusomwa: herufi inayosomwa kwanza huhifadhiwa kwanza, iwe ya Kiarabu au ya Kirumi. Upande itakakotokea huamuliwa baadaye, maandishi yanapoonyeshwa au kuchapwa. Kazi hiyo hufanywa kwa kufuata kanuni za mwelekeo za Unicode, ambazo ndizo msingi wa programu nyingi za leo.

Kanuni hizo huzigawa alama katika makundi. Kundi la kwanza ni herufi zenye mwelekeo wake zenyewe: alifu na be huenda kushoto, a na b huenda kulia. Kundi la pili ni tarakimu, ambazo husomwa kutoka kushoto kwenda kulia hata ndani ya sentensi ya Kiarabu, lakini mahali pa namba nzima hutegemea herufi zilizoitangulia. Kundi la tatu ni alama zisizo na mwelekeo, zikiwamo nafasi na alama nyingi za uakifishi. Hizi hufuata majirani zake. Juu ya yote upo mwelekeo wa msingi wa aya, unaoamua mstari uanzie upande gani.

Jambo moja hustahili mkazo: upangaji upya hufanyika baada ya mistari kukatwa. Nukuu ya maneno manane ya Kiarabu ikigawanyika katika mistari miwili, maneno ya kwanza hubaki mstari wa juu na yanayofuata hushuka wa chini, kila mstari ukisomwa kutoka kulia. Mhariri aliyeyapanga maneno kinyumenyume kwa mkono ili yaonekane sawa katika kioo cha kompyuta atapata matokeo mengine: mara tu nukuu itakapokatwa, maneno ya mwisho wa ubeti yatatangulia juu na ya mwanzo yatafuata chini. Kubadili ukubwa wa fonti au upana wa pambizo kunatosha kuleta madhara hayo.

3.0 Mahali Ambapo Mpangilio Huharibika

Katika mifano ifuatayo, herufi kubwa zinasimamia maandishi ya Kiarabu, na aya ina mwelekeo wa Kirumi.

3.1 Orodha ya maneno

Tuseme mhariri analinganisha miswada miwili na kuchapa hivi:

miswada ina KITABU, NYUMBA mtawalia

Ukurasa utaonyesha hivi:

miswada ina ABMUYN ,UBATIK mtawalia

Mkato na nafasi viko kati ya maneno mawili ya Kiarabu, hivyo vimechukuliwa kuwa vya Kiarabu, na orodha nzima imekuwa kifungu kimoja kinachoanzia kulia. Msomaji anayefuata sentensi kutoka kushoto atakutana na nyumba kwanza, naye ataihusisha na mswada wa kwanza. Neno la mtawalia, ambalo lingepaswa kuondoa utata, sasa linathibitisha upotoshaji. Kosa hili halitokei pale maneno hayo yanapotenganishwa na neno la Kirumi, na hiyo ndiyo sababu huweza kujitokeza katika ukurasa mmoja na kukosekana katika unaofuata.

3.2 Namba za beti

Mhariri anayerejelea neno lililomo katika beti za 12 hadi 15 anaweza kuchapa:

neno NYUMBA 12-15

Kitakachoonekana ni:

neno 15-12 ABMUYN

Namba zimerukia upande wa kushoto wa neno kwa kuwa zimetanguliwa na herufi za Kiarabu, na kistari kilicho kati yake kimechukua mwelekeo huohuo. Kila namba peke yake ni sahihi. Masafa ndiyo yaliyogeuka.

3.3 Vipande vya ubeti

Ubeti wa utenzi una vipande vinne: vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachouunganisha utenzi mzima. Katika miswada mingi vipande hivyo huandikwa katika mstari mmoja kutoka kulia. Wahariri wengi huvipanga katika jedwali la safu nne. Hata hivyo, mwelekeo wa jedwali ni tofauti na mwelekeo wa aya iliyomo ndani yake. Jedwali la kawaida huanzia kushoto. Kipande cha kwanza kikiwekwa katika safu ya kwanza, msomaji wa hati ya Kiarabu, anayeanzia kulia, atasoma kipande cha nne kwanza. Maneno ndani ya kila kipande yatakuwa sahihi, lakini mpangilio wa vina wa a-a-a-b utakuwa b-a-a-a. Kwa mtafiti wa arudhi, huo ni ushahidi wa uongo.

4.0 Hatua za Mhariri

Kwanza, mwelekeo wa msingi uwekwe kwa amri ya programu. Aya iliyo yote ya Kiarabu ipewe mwelekeo wa kulia kwenda kushoto, na jedwali la beti lipewe mwelekeo huo katika sifa za jedwali lenyewe. Kusogeza maandishi upande wa kulia ni jambo jingine: hubadilisha mahali pa mstari, wala si mwelekeo wake.

Pili, neno la Kiarabu lililomo katika sentensi ya Kirumi litengwe. Ipo alama isiyoonekana ya mwelekeo wa kushoto kwenda kulia, yenye msimbo 200E katika Unicode. Ikiwekwa mara baada ya neno la Kiarabu, kabla ya mkato au namba, mifano ya 3.1 na 3.2 hurejea sawa. Katika Microsoft Word huchapwa kwa kuandika 200E kisha kubonyeza Alt na X kwa pamoja. Toleo la 6.3 la Unicode, la mwaka 2013, liliongeza alama za kutenga zinazozunguka kifungu kizima: 2067 hufungua kifungu cha kulia kwenda kushoto na 2069 hukifunga.

Tatu, wanaotumia TeX wakumbuke kwamba tatizo hili lilishughulikiwa humo mapema. Donald Knuth na Pierre MacKay walichapisha makala kuhusu kuchanganya mielekeo hiyo mwaka 1987. Leo XeTeX na LuaTeX husoma Unicode moja kwa moja. Katika XeTeX ni salama zaidi kuzungushia kila kifungu cha Kiarabu amri yake, kama ile inayotolewa na polyglossia. Kazi hiyo huchosha, lakini huacha katika faili ushahidi wa uamuzi wa mhariri.

Nne, fonti ichunguzwe kwa herufi ambazo Kiswahili huzihitaji nje ya alfabeti ya Kiarabu, kama پ ya p, چ ya ch na ڤ ya v. Fonti isiyo nazo huweza kuifanya programu iazime herufi kutoka fonti nyingine, na herufi ya kuazima huenda isiungane na jirani zake.

Tano, matini isibadilishwe kuwa picha ili kukwepa usumbufu. Picha huhifadhi sura ya ukurasa, lakini neno lililomo ndani yake haliwezi kunakiliwa wala kutafutwa kama maandishi katika hifadhi ya mtandaoni.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba makosa ya mielekeo hutokana na kanuni zinazojulikana, na kwa hiyo yanaweza kutabiriwa: mahali pa kuchunguza ni orodha, namba, mabano, majedwali na mikato ya mistari. Inapendekezwa kwamba kila tasnifu yenye matini ya hati mbili isomwe upya baada ya kugeuzwa kuwa faili ya mwisho, na isomwe na mtu anayezijua hati zote mbili, mswada ukiwa mbele yake. Vina vya utenzi vitamsaidia: pale kina cha bahari kinapoonekana mwanzoni mwa ubeti, alitazame kwanza jedwali kabla ya kumlaumu mshairi.