Tochi ya Mfukoni: Tazama Mwanga Unaoanza

Tuanze na jambo ambalo limewapata wengi wetu.

Ni usiku wa manane. Mbuzi wanalia zizini. Baba anaamka, anapapasa chini ya mto, anaipata tochi yake mpya aliyoinunua gulioni. Anabonyeza. Lo! Mwanga mkali kama wa gari unampiga machoni. Mtoto anaamka na kulia. Baba anabonyeza tena ili apunguze mwanga. Tochi inaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, upesi upesi. Anabonyeza mara ya tatu. Giza. Basi anatoka nje macho yakiwa na kiwi, hauoni hata mguu wake mwenyewe. Na pale njiani, kwenye majani makavu, huenda amelala kifutu.

Tochi hiyo si mbovu. Inawaka vizuri sana. Kosa ni kwamba ilichaguliwa kwa kutazama jambo moja tu, yaani ukali wa mwanga. Leo tujifunze jambo la pili, ambalo wanunuzi wengi hatulitazami. Nalo ni hili: ukibonyeza, ni mwanga gani unaoanza?

TOCHI BADO INATAKIWA

Mwaka 2022 umeme wa Gridi ya Taifa ulifika katika miji ya Kasulu na Kibondo. Hilo ni jambo jema. Lakini umeme wa nguzo haukufuati njiani. Njia ya kwenda mtoni, zizini, shambani au zahanati usiku ni giza lile lile la siku zote.

Wengine watasema, "Si tuna simu? Nazo zina tochi." Kweli. Lakini simu ikiisha chaji usiku umekosa mambo mawili kwa pamoja: umekosa mwanga, na umekosa njia ya kumwita jirani. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa saa nane za usiku, simu iwe ya kuita gari au pikipiki. Tochi iwe ya kuona njia.

TOCHI YA ZAMANI NA YA SASA

Wazee wanaikumbuka tochi ya bati. Ilikuwa ndefu, inakula betri kubwa 2 au 3 kama zile za redio. Ndani ya balbu mlikuwa na waya mwembamba sana. Umeme uliupasha moto waya huo mpaka ukang'aa. Sehemu kubwa ya nguvu ya betri iliishia kwenye joto, na sehemu ndogo tu ikawa mwanga. Swichi yake ilikuwa rahisi: sukuma mbele iwake, vuta nyuma izime. Mwanga ulikuwa mmoja tu.

Tochi za sasa hazina waya wa kupashwa moto. Tazama ndani ya kioo mchana, tochi ikiwa imezimwa. Katika nyingi utaona kidoa cha rangi ya njano. Hiyo ndiyo taa ya LED. Chini ya rangi hiyo kuna chembe ndogo inayotoa mwanga wa buluu. Mwanga huo ukipita katika unga wa njano, tunauona mweupe. Wataalamu 3 waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kazi yao ya kupata taa ya LED ya buluu.

Faida yake ni kwamba inakula umeme kidogo. Ndiyo maana tochi ndogo kama kidole inaweza kuishinda ile ya bati. Ndani yake pia mna kifaa kidogo kinachohesabu mibonyezo. Bonyeza mara moja, unapata mwanga wa kwanza. Bonyeza tena, wa pili. Mwanga mbalimbali unakuja kwa zamu.

MWANGA MKALI UNA GHARAMA

Mwanga wa taa hupimwa kwa lumeni. Mshumaa mmoja hutoa lumeni 12 hivi. Tochi yenye lumeni 5 tu, ikielekezwa chini, inatosha kutafuta viatu, kumtazama mtoto aliyelala au kufungua mlango. Kwa kutembea njiani, lumeni 30 hadi 100 zinatosha. Lumeni 300 na zaidi ni za kumulika mbali kwa muda mfupi.

Sasa sikilizeni. Watu wengi hudhani kwamba mwanga ukiongezwa mara 2 utafika mbali mara 2. Sivyo. Mwanga unapokwenda mbali hutawanyika. Ukitaka tochi ile ile imulike mbali mara 2, inabidi mwanga wake uwe mara 4. Na mwanga mara 4 unakula betri mara 4, au hata zaidi.

Tufanye hesabu kidogo. Kwenye betri ya kuchaji kuna namba na herufi mAh. Hiyo ni akiba ya umeme uliomo, kama vile debe linavyoonyesha akiba ya mahindi. Tuseme betri ina 2000 mAh. Tuseme mwanga mkali unakula 1000 kwa saa, na mwanga mdogo unakula 100 kwa saa.

Mwanga mkali: 2000 gawanya kwa 1000 = saa 2.
Mwanga mdogo: 2000 gawanya kwa 100 = saa 20.

Mmeona? Betri ni ile ile. Mmoja anachaji kila baada ya siku chache, mwingine anakaa wiki kadhaa. Tochi inayoanza na mwanga mkali inakula akiba kila unapoiwasha, hata kama ulikuwa unatafuta kiberiti tu.

Gharama nyingine iko machoni. Macho yakikaa gizani hujizoeza polepole, na huchukua kama nusu saa kuzoea kabisa. Mwanga mkali wa ghafla unaharibu mazoea hayo mara moja. Ukizima, giza linaonekana zito kuliko mwanzo.

MWANGA WA KWANZA UFUATE KAZI

Hakuna mpangilio mmoja unaomfaa kila mtu. Jiulize, hii tochi ni ya kazi gani hasa?

Kwa matumizi ya nyumbani, mpangilio mzuri ni mdogo, halafu wa kati, halafu mkali. Mwanga wa kuwaka na kuzima usiwe kwenye zamu hiyo. Uwe pembeni, kwa mfano upatikane kwa kushikilia kibonyezo.

Kwa kutembea njiani, uchague wa kati. Mulika hatua 3 au 4 mbele yako, siyo mbali. Kifutu hana desturi ya kukimbia anaposikia hatua. Hutulia palepale, na rangi yake ni kama ya majani makavu. Atakayekuumiza yuko karibu na mguu wako, siyo kwenye mti ule wa mbali. Mtu akiumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba ya kubana. Atulizwe, asitembee, mguu usitikisike, abebwe upesi kituo cha afya.

Kwa walinzi wa sungusungu na wanaolinda mashamba dhidi ya nguruwe pori, mwanga mkali uanze. Hao wanahitaji kuona mbali kwa ghafla, na hawana muda wa kubonyeza mara 3.

Wafugaji wa nyuki nao wana neno lao. Kibondo kuna wafugaji wa nyuki wengi, na wengi huvuna asali usiku. Nyuki aliyechokozwa gizani huurukia mwanga. Ukiwasha mwanga mkali mweupe ukiwa juu ya mti karibu na mzinga, umewaita nyuki mkononi na usoni. Lakini nyuki haoni rangi nyekundu. Basi funika kioo kwa karatasi nyekundu ya nailoni inayopitisha mwanga, au nunua tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu. Ukinunua hiyo ya kichwani, hakikisha kwamba mwekundu unaweza kuwashwa bila kupita kwanza kwenye mweupe. La sivyo haitakufaa kitu.

Na huu mwanga wa kuwaka na kuzima una kazi gani? Una kazi moja nzuri, nayo ni kuonekana. Ukiendesha baiskeli usiku kwenye barabara ya Kasulu hadi Kibondo, funga tochi ndogo ya namna hiyo nyuma ya baiskeli. Dereva atakuona mapema. Usimwelekezee dereva anayekuja mbele yako, maana utamtia kiwi.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Usione haya. Fedha ni yako. Mwambie muuzaji, "Ndugu, naomba niijaribu kwanza," kisha fanya hivi:

1. Bonyeza mara moja. Tazama mwanga gani umeanza. Usijitazamie machoni. Mulika kiganja chako au ukuta.

2. Endelea kubonyeza na kuhesabu mpaka izime. Je, ili uzime lazima upite kwenye ule wa kuwaka na kuzima? Tochi ya namna hiyo itakusumbua kila usiku.

3. Izime, hesabu polepole mpaka 10, uiwashe tena. Je, imeanza na ule wa kwanza, au na ule wa mwisho ulioutumia? Tochi nyingine zina kumbukumbu. Ukizima ikiwa mkali, kesho itaanza mkali. Siyo vibaya, ila ujue.

4. Fumba macho. Je, kidole kinakipata kibonyezo upesi? Usiku wa mvua ndivyo utakavyoitafuta.

5. Itie mfukoni, uinamame kama unayefunga kamba za viatu. Ikijiwasha yenyewe, itamaliza betri mchana bila wewe kujua. Kwa tochi nyingi dawa yake ni kulegeza kidogo kifuniko cha nyuma unapoiweka.

6. Fungua kifuniko. Tafuta mpira mwembamba wa duara. Huo unazuia maji, na mvua za huku kwetu mnazijua. Kama pameandikwa IPX4, inastahimili maji ya kurukia. Kama ni IPX7, inastahimili kutumbukia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30.

SOMA BETRI

Tochi inayotumia betri ndogo za AA, zile za saa ya ukutani, ni rahisi kwa kijijini, maana hupatikana katika maduka mengi. Tochi ya betri ya kuchaji ina nguvu zaidi na huokoa fedha, kama unayo sola au umeme karibu.

Betri moja ya kuchaji inayouzwa sana ina namba 18650. Maana yake ni unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zilizo nzuri zina akiba ya 2000 hadi 3600 mAh hivi. Lakini gulioni utaona nyingine zimeandikwa 9900! Hiyo ni sawa na mtu kukuambia kwamba debe lake moja linaingia madebe matatu. Ndugu, hapo kisomo chako kikulinde. Weka chini, nenda zako.

Tena ipo betri ya kuchaji yenye namba 14500. Kwa umbo ni kama AA, lakini AA ina volti 1.5 na hiyo ina 3.7. Usiitie kwenye tochi isiyoandikwa kwamba inaikubali, maana inaweza kuiunguza. Usichanganye betri mpya na kuukuu. Tochi ikikaa muda mrefu bila kutumika, zitoe betri zisije zikavuja. Na betri usiitupe motoni. Inaweza kulipuka.

KAMA UMEKWISHA NUNUA

Usiitupe tochi yako ya mwanga mkali. Jifunze zamu zake mchana. Usiku, kabla ya kubonyeza, ziba kioo kwa kiganja, bonyeza mpaka ufike mwanga mdogo, ndipo uondoe mkono. Usiiache imezibwa muda mrefu kwa kitambaa au blanketi, kwa sababu mwanga mkali una joto na unaweza kuunguza. Wafundishe na watoto wa nyumbani hesabu hiyo ya mibonyezo, ili siku ya haja kila mmoja aijue.

Tulipojifunza kusoma, tulijifunza ili tusidanganywe mizani ya mazao. Basi na tusome pia kile kidude kidogo cha mfukoni. Mwanga unaotutosha, unaoanza pale tunapoutaka, ndio utakaotufikisha mlangoni salama.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Tochi yako inaanza na mwanga gani? Inazima baada ya mibonyezo mingapi?
2. Betri ina 3000 mAh. Mwanga wa kati unakula 300 kwa saa. Itawaka saa ngapi?
3. Kwa nini mlinzi wa shamba na mama mwenye mtoto mchanga wasinunue tochi ya namna moja?
4. Katika kijiji chenu, betri zilizokwisha hutupwa wapi? Mnaweza kuzikusanya pamoja, mbali na kisima na watoto?