Je, Jino Linaweza Kusubiri Msimu wa Korosho? Tiba ya Mzizi wa Jino na Gharama ya Kuahirisha

Katika vijiji vya kata ya Likunja, na kwa jumla katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi, mwaka wa mkulima una majira mawili ya fedha. Ufuta huvunwa na kuuzwa kuanzia katikati ya mwaka. Korosho hufuata kuanzia mwezi Oktoba, na malipo yake humfikia mkulima kupitia chama cha msingi baada ya mnada. Miezi iliyo kati ya mwisho wa korosho na mwanzo wa ufuta ni miezi ya jembe na ya kubana matumizi. Jino likianza kuuma mwezi Februari, na mgonjwa akaambiwa kwamba linahitaji tiba ya mzizi, jibu la wengi huwa moja: tusubiri tuuze kwanza.

Jibu hilo si la kipuuzi. Tiba ya mzizi ni ghali kuliko kung'oa, huhitaji kurudi kwa daktari zaidi ya mara moja, na mara nyingi humlazimu mgonjwa kusafiri mbali na wilaya yake. Hata hivyo, kuna kusubiri kwa aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Jino lililokwisha kufunguliwa, kusafishwa na kuzibwa kwa muda linaweza kusubiri wiki chache. Jino lenye kiini kilichooza, ambalo halijaguswa na mtu, halipaswi kusubiri msimu.

Kinachotokea ndani ya jino

Jino si kipande cha mfupa mtupu. Chini ya tabaka gumu la nje na tabaka la pili lililo laini kidogo kuna uwazi wenye kiini, yaani nyama laini iliyojaa mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho hushuka katika mizizi kupitia mifereji myembamba hadi kwenye ncha, ambako huungana na taya. Bakteria wanaokula sukari iliyobaki mdomoni hutoa asidi, na asidi hiyo hutoboa jino taratibu. Hakuna mdudu mwenye miguu anayechimba humo, ingawa wazee wetu walizoea kusema hivyo.

Tundu likiwa bado dogo, kuziba kwa kawaida kunatosha. Likikaribia kiini, jino hushtuka kwa maji baridi, kisha maumivu hupoa mara baridi inapoondoka. Kiini kikishaathirika kwa namna isiyorudi nyuma, maumivu hubadilika: huja yenyewe, hukaa dakika nyingi, huzidi mgonjwa anapolala, na chai ya moto huyaamsha. Hapo ndipo tiba ya mzizi huhitajika.

Maumivu yakiisha, jino halijapona

Hatua inayofuata ndiyo inayowadanganya wagonjwa wengi. Baada ya siku au wiki za mateso, maumivu hukoma ghafla. Mgonjwa hufika zahanati kwa jambo jingine na kusema, “Daktari, lile jino limepoa lenyewe.” Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa, na mishipa ya fahamu iliyokuwa ikipeleka habari imekufa pamoja nacho. Bakteria hubaki katika mfereji usio na damu, mahali ambapo kinga ya mwili haifiki wala dawa za kumeza hazifiki vizuri. Kutoka hapo hupenya hadi kwenye ncha ya mzizi na kuanza kula mfupa wa taya.

Ukimya huo unaweza kudumu miezi. Unaweza pia kuvunjika usiku mmoja kwa jipu. Hakuna awezaye kutabiri ni lini, na hapo ndipo ilipo hatari ya kuahirisha. Wakati huohuo jino huendelea kumomonyoka. Jino ambalo lingeweza kuokolewa Februari linaweza kufika Oktoba likiwa limevunjika hadi chini ya ufizi, na kubaki na njia moja tu: kung'olewa.

Tiba yenyewe hufanywaje

Wengi huiogopa tiba hii kwa sababu ya masimulizi. Daktari wa kinywa na meno huanza kwa kupima jino na kupiga picha ya eksirei ili aone urefu wa mizizi na hali ya mfupa. Kisha huchoma sindano ya ganzi. Ganzi ikishika, mgonjwa huhisi kusukumwa na kutikiswa, lakini hapaswi kuhisi maumivu makali. Akiyahisi ainue mkono, na daktari ataongeza ganzi.

Jino hutengwa na mate kwa kipande chembamba cha mpira. Daktari hutoboa tundu juu ya jino, huondoa uozo wote, kisha huingia katika mifereji kwa vitupa vyembamba kama sindano. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja, bali gego huwa na mitatu au hata minne. Ndiyo maana gego huchukua muda mrefu zaidi. Mifereji husuguliwa na kuoshwa mara nyingi kwa maji yenye klorini, ambayo huua bakteria na kuyeyusha mabaki ya kiini.

Kukiwa na usaha au muda ukiwa mfupi, daktari huweka dawa yenye kalsiamu ndani ya mifereji na kuziba jino kwa muda. Baadhi ya dawa za kuziba kwa muda huchanganywa na mafuta ya karafuu, zao lilelile linalojulikana sana Unguja na Pemba. Katika ziara inayofuata, mifereji hujazwa gutapecha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki unaofanana na mpira, na jino huzibwa kabisa. Gego lililodhoofika huhitaji pia kofia ngumu ili lisipasuke wakati wa kutafuna.

Jino linaweza kuwa na uchungu kwa siku mbili au tatu baada ya hapo. Tiba ikifanywa vizuri na jino likazibwa imara, tafiti kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa meno zaidi ya 85 katika kila 100 huwa bado yapo kinywani miaka kadhaa baadaye.

Njia ya kati kwa aliye mbali na asiye na fedha

Mgonjwa wa Likunja asidhani kwamba ana njia mbili tu, yaani kulipa tiba nzima leo au kurudi shambani na jino lake. Hatua ya kwanza, ya kufungua jino, kuondoa kiini kilichooza na kuziba kwa muda, ndiyo inayotuliza maumivu na kupunguza bakteria. Mwulize mtaalamu wa meno katika hospitali ya wilaya iwapo anaweza kuifanya hapo, au kama utapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mtwara. Uliza gharama ya kila hatua, idadi ya safari, na kama bima yako inahusika. Ukizibwa kwa muda, andika tarehe ya kurudi na uiheshimu, kwa kuwa kizibo hicho huanza kuvuja baada ya wiki chache. Kikitoka kabla ya siku yake, rudi mapema.

Ikiwa jino limeharibika mno, au hakuna namna ya kukamilisha ziara zote, kung'oa ni tiba halali na si aibu. Kutapunguza uwezo wa kutafuna, na meno jirani yanaweza kusogea, lakini kutaondoa chanzo cha maambukizi. Kati ya kung'oa leo na kuliacha jino lenye usaha hadi mwisho wa mwaka, kung'oa ni salama zaidi.

Kwa mhudumu wa zahanati

Mgonjwa wa jino akifika kwako, antibayotiki peke yake haimtibu. Maumivu ya kiini yasiyo na uvimbe wala homa hayahitaji amoksilini wala metronidazoli. Yanahitaji dawa ya maumivu na rufaa. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kupewa paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Ibuprofen husaidia sana, lakini usimpe mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mjamzito. Uvimbe unaoenea au homa ndivyo vinavyohitaji antibayotiki, nayo iende pamoja na rufaa ya haraka.

Waeleze wagonjwa wasitie ndani ya jino maji ya betri, mafuta ya taa, wala mafuta ya ganda la korosho, ambayo kila aliyewahi kubangua korosho anajua jinsi yanavyounguza ngozi. Wasiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kwani huuchoma. Mjamzito naye asiambiwe asubiri hadi ajifungue: ganzi na tiba ya meno vinaweza kutolewa kwa usalama wakati wa ujauzito, mradi amwarifu daktari. Mwenye kisukari ahimizwe kuwahi zaidi ya wengine, kwa kuwa maambukizi humwendea kasi na huvuruga sukari yake.

Dalili zisizosubiri hata siku moja

Nenda hospitali usiku huohuo ukiona mojawapo ya haya: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, au unaopanda kuelekea jichoni, kinywa kisichofunguka vizuri, shida ya kumeza mate au kupumua, ulimi ulioinuliwa na uvimbe chini yake, homa kali yenye kutetemeka. Usaha wa jino ukishuka kwenye sakafu ya kinywa na shingo unaweza kuziba njia ya hewa, na watu hufa kwa sababu hiyo. Katika hali hii usisubiri rufaa ya meno wala basi la asubuhi. Hospitali yoyote yenye daktari ndiyo mahali pa kuanzia.

Kwa asiye na dalili hizo, kazi ya wiki hii ni ndogo: jino likaguliwe, lifunguliwe ikiwezekana, na tarehe ya kurudi iandikwe. Fedha za ufuta au korosho zitasaidia kumalizia tiba iliyokwisha kuanzwa. Haziwezi kurudisha jino lililovunjika wakati wa kuzingoja.