Nyota Hatengenezwi na Sauti Peke Yake

Mwulize mwanafunzi anayeanza somo la mawasiliano ya jamii kwa nini mwanamuziki fulani amekuwa maarufu, naye atakupa mojawapo ya majibu mawili. La kwanza ni kwamba ana kipaji. La pili, ambalo husemwa kwa sauti ya chini kidogo, ni kwamba amejiunga na Freemason. Hili la pili hata waamini wetu wanalijua: kijana ambaye juzi hakuwa na nauli ya daladala leo ana magari matatu, basi lazima kuna mkono wa giza.

Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yana kasoro ileile. Yote mawili yanairuka kazi. Hayana nafasi ya mshonaji, mpiga picha, mwalimu wa kucheza, mwanasheria aliyeandika mkataba, mtangazaji aliyepelekewa wimbo kabla ya wenzake, wala mtu aliyekaa ofisini akaamua msanii huyu avae nini na asiongee nini. Mwalimu wa somo hili ana kazi moja kubwa: kuwarudisha watu hao wote kwenye picha.

Neno “sura” hapa halina maana ya uso. Sura ya msanii ni yale yote yanayokuja akilini mwako jina lake likitajwa: mavazi, mtaa aliotoka, ugomvi wake na fulani, namna anavyocheka kwenye mahojiano. Mtu ananunua wimbo, lakini mara nyingi amekwisha kuinunua sura kwanza.

Kwa kufundishia, mfano mzuri ni ule uliokwisha kupoa. Ukianza na msanii wa leo, nusu ya darasa ni timu yake na nusu ni timu ya mpinzani wake, na kipindi kitaisha kwa ubishi. Mfano ninaoupendekeza ni wa Detroit, Marekani, miaka ya 1960, katika kampuni ya Motown. Watu wengi wamezisikia nyimbo zake bila kujua zilikotoka, na kazi ya kutengeneza sura ilifanyika pale kwa uwazi kiasi kwamba hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiona.

Kiwanda ndani ya nyumba

Berry Gordy alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha magari cha Lincoln-Mercury. Mwaka 1959 alianza kampuni yake ya muziki kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa kuweka na kukopa wa familia yake, jambo ambalo mwanachama yeyote wa kikoba atalielewa mara moja. Alinunua nyumba ya kawaida katika barabara ya West Grand Boulevard, namba 2648, akaweka studio humo na kuandika mbele yake “Hitsville U.S.A.” Gordy mwenyewe amesimulia kwamba wazo lake alilitoa kiwandani: chuma kitupu kinaingia upande mmoja, kinapita mikononi mwa watu wengi, upande wa pili linatoka gari linalong’aa. Alitaka kijana wa mtaani aingie kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine akiwa nyota.

Ndivyo kazi ilivyogawanywa. Kulikuwa na watunzi, maarufu zaidi wakiwa ndugu wawili wa ukoo wa Holland pamoja na Lamont Dozier. Kulikuwa na kundi la wapiga vyombo waliojulikana kama Funk Brothers, ambao walipiga karibu nyimbo zote bila kujali mwimbaji ni nani. Kulikuwa na kikao cha kukagua ubora, ambapo nyimbo zilisikilizwa na kupigiwa kura kabla ya kutolewa. Gordy alikuwa na swali lake la kupimia: kama una dola moja tu iliyobaki na una njaa, utanunua sahani hii au mkate wenye nyama? Darasani swali hili huchekesha, lakini linafundisha kuliko kurasa nyingi za vitabu vya masoko.

Kisha kuna idara inayotuhusu zaidi. Mwaka 1964 Motown ilimleta Maxine Powell, mama aliyekuwa akiendesha shule ya adabu na maonyesho ya mavazi mjini Detroit. Aliwafundisha waimbaji kutembea, kuketi, kushuka kwenye gari wakiwa na gauni, kushika kipaza sauti, kujibu waandishi. Aliwaambia kwamba anawaandaa kwa mahali pawili tu, Ikulu ya Marekani na jumba la kifalme la Uingereza. Pembeni yake alikuwepo Cholly Atkins, mcheza dansi mzoefu, aliyewapangia hatua na mikono. Mwimbaji alifundishwa kama vile mseminari anavyofundishwa kusimama altareni, ijapokuwa kwa lengo tofauti kabisa.

Waliofaidika zaidi na mfumo huu ni The Supremes: Diana Ross, Mary Wilson na Florence Ballard, wasichana waliokulia katika nyumba za serikali za Brewster-Douglass, mjini humo. Walisaini mkataba mwaka 1961, na kwa miaka mitatu hawakupata wimbo wa maana. Agosti 1964 “Where Did Our Love Go” ulishika namba moja Marekani, ukafuatwa na nyimbo nyingine nne mfululizo zilizofika hapohapo. Hadi mwisho wa 1969 walikuwa na namba moja kumi na mbili. Jumapili ya tarehe 27 Desemba 1964 walionekana katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, kilichotazamwa na mamilioni sebuleni mwao. Kwa familia nyingi za Wamarekani weusi, kuwaona mabinti watatu weusi wakiheshimiwa hivyo kwenye televisheni ya taifa, katika mwaka uleule ambao sheria ya haki za kiraia ilisainiwa, halikuwa jambo dogo. Mwalimu asiwaache wanafunzi wakimbilie kusema “ni sura ya bandia tu.” Sura iliyotengenezwa inaweza pia kuwarudishia watu heshima yao.

Jalada lisilo na mwimbaji

Hapa ndipo ninaposhauri kutumia kipindi kizima. Weka mbele ya darasa jalada la albamu ya Isley Brothers ya mwaka 1966, “This Old Heart of Mine,” iliyotolewa na Motown. Usiseme neno. Waulize wanaona nini. Wataona kijana na msichana wa kizungu wakiwa ufukweni. Kisha waambie kwamba waimbaji ni wanaume weusi. Halafu waonyeshe jalada la albamu ya The Marvelettes ya 1961, ambalo lina mchoro wa sanduku la barua.

Kimya kinachofuata kina faida yake. Motown ilijua kwamba baadhi ya wenye maduka, hasa kusini mwa Marekani, wasingeweka dirishani jalada lenye nyuso nyeusi. Kwa hiyo sauti ilitangulia na uso ukafichwa. Kaulimbiu ya kampuni ilikuwa “The Sound of Young America,” yaani sauti ya vijana wa Marekani, bila kutaja rangi yoyote. Miaka michache baadaye sura za Supremes zilikuwa kila mahali. Mwanafunzi aliyeelewa mabadiliko hayo ameelewa kwamba sura haitoki kichwani mwa msanii peke yake. Inapimwa kwa mnunuzi, na mnunuzi ana woga wake na chuki zake.

Marundo manne

Baada ya kuona, wape chombo cha kuchambulia. Mtaalamu wa Uingereza Richard Dyer, katika kitabu chake “Stars” cha mwaka 1979, alichunguza nyota wa sinema na kuonyesha kwamba sura yao inajengwa kwa vitu vya aina nne. Kwanza ni vile vinavyotengenezwa makusudi kumtangaza: mabango, picha rasmi, matangazo. Pili ni habari zinazoonekana kutoka zenyewe: magazeti ya udaku, mahojiano, minong’ono. Tatu ni kazi zenyewe, ambazo kwa mwanamuziki ni nyimbo na video. Nne ni maneno ya wahakiki na wachambuzi.

Zoezi ni rahisi. Kila kikundi kichukue msanii mmoja, kikusanye vitu ishirini kumhusu, kisha kivigawe katika marundo manne. Ugumu utaanza kwenye rundo la pili, na mwalimu aufurahie. Vijana wetu wana neno zuri ambalo Dyer hakuwa nalo: kiki. Msanii anatangaza kwamba ameachana na mchumba wake. Wiki moja baadaye anatoa wimbo wa kuachwa. Je, ile ni habari iliyovuja au ni tangazo lililovalishwa nguo za habari? Kiki inafanya kazi kwa sababu tunaamini zaidi kile tunachodhani hatukukusudiwa kukiona. Na siku hizi, kwa kuwa kila shabiki ana simu, rundo la tano linahitajika kwa video na picha ambazo mashabiki wanazitengeneza na kuzisambaza bila kulipwa.

Dyer aliona pia kwamba nyota lazima awe mtu wa kawaida na mtu asiye wa kawaida kwa wakati mmoja. Msichana wa nyumba za serikali ndani ya gauni linalometameta: ukiondoa nyumba za serikali, gauni halina hadithi, ukiondoa gauni, hakuna wa kumtazama. Ndiyo maana wasanii wa hapa Tanzania nao hupenda kutaja mtaa waliokulia na biashara ndogo waliyoanza nayo. Inawezekana kabisa ni kweli. Lakini imechaguliwa kusimuliwa.

Nani alilipwa

Somo likiishia kwenye picha, litakuwa limemfundisha mwanafunzi kushangaa tu. Ni lazima lifike kwenye pesa.

Motown ilikuwa kampuni ya kurekodi, na kupitia kampuni dada ilikuwa pia meneja wa wasanii wake, na kupitia Jobete ilimiliki haki za nyimbo. Msanii mwenye malalamiko angemlalamikia nani? Ndugu Holland na Dozier waliondoka mwishoni mwa miaka ya 1960 katika mgogoro wa malipo. Funk Brothers walipiga nyimbo hizo kwa miaka mingi bila majina yao kuandikwa kwenye majalada, hadi albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Gordy aliiuza Motown mwaka 1988 kwa dola milioni 61. Mwaka 1997 aliuza nusu tu ya Jobete kwa dola milioni 132. Waandike wanafunzi tarakimu hizo mbili ubaoni, waziangalie: nusu ya karatasi za haki za utunzi ilizidi mara mbili ya bei ya kampuni nzima iliyotengeneza nyota.

Na kuna Florence Ballard. Wengi walioyasikia makundi hayo yakianza walimtaja yeye kuwa na sauti kubwa kuliko wenzake. Kampuni iliamua Diana Ross ndiye asimame mbele, na mwaka 1967 jina la kundi likabadilishwa kuwa Diana Ross & the Supremes. Mwaka huohuo Florence aliondolewa na Cindy Birdsong akachukua nafasi yake, gauni lilelile, hatua zilezile. Kiwanda kilibadilisha kifaa na gari likaendelea kutembea. Florence alipoteza nyumba yake, akaishi kwa muda kwa msaada wa serikali, akafariki Februari 1976 akiwa na miaka 32.

Mwanafunzi akishafika hapo, hana haja tena ya Freemason ili aeleze utajiri wa mtu, wala umaskini wa mwenzake aliyesimama naye jukwaani. Ataulizia mkataba.

Zoezi la mwisho lifanyike nyumbani. Chukua video ya kwaya ya parokia yako, ile iliyorekodiwa bustanini, sare mpya, maporomoko ya maji nyuma, iliyozinduliwa mbele ya mgeni rasmi. Igawe katika marundo. Nani amewekwa katikati, na nani aliamua? Sare zilichangiwa na nani? Mapato ya uzinduzi yalikwenda wapi? Kisha tazama maandishi ya mwisho wa video utafute jina la mtunzi na la mpiga kinanda. Kama hayapo, mpigie simu mwenyekiti wa kwaya umwulize. Kazi ya kuyaongeza kwenye maelezo chini ya video haizidi dakika tano.